Uwanja Uliolimwa Maharage

Wengine wakisikia harufu ya udongo uliotifuliwa huwaza mavuno. Mimi hupandwa na hasira kidogo, na umri huu wote.

Kwetu, juu ya Lushoto, ni miteremko mitupu. Ukipiga mpira vibaya unaufuata bondeni. Sehemu tambarare ilikuwa moja tu, uwanja wa mbele ya kanisa. Tulicheza chandimu pale, wavulana kwa wasichana, Wakristo kwa Waislamu, na Jumapili ndiyo ilinoga zaidi. Basi wazee wa kanisa wakakaa kikao. Mpira siku ya Bwana ni uzururaji, walisema, na uzururaji huzaa mengine. Baba yangu, mzee wa kanisa asiyecheka hadharani, ndiye aliyetangulia na jembe. Wakapanda maharage kutoka goli hadi goli.

Nililia mpaka nikafukuzwa jikoni. Mimi ndiye niliyekuwa golikipa, jamani, na kipaji kingine sikuwa nacho.

Tukahamia barabarani, kwenye kona wanapopita wenye malori ya mboga wakishuka Mombo. Jumapili moja lori lilimkosa kaka yangu Yona padogo sana. Dereva alimleta nyumbani kamshika mkono. Chakula cha baba kilipoa mbele yake.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, mama akasimama. Hakuwahi kusimama kanisani ila kwa kuimba. Aliwaamkia wazee shikamoo, kisha akasema taratibu:

"Watoto walipokuwa uwanjani, nilikuwa nawaona wote kutoka jikoni kwangu. Sasa naona maharage."

Nilimtazama baba nikijua atafura. Akainuka, akakohoa, akasema maharage yakishavunwa jembe lake halitagusa tena pale, ila asione mtoto na mpira kabla ibada haijaisha.

Tuliyavuna wenyewe, mbio mbio, bila kutumwa. Nikarudi golini. Tangu hapo, kila Jumapili mchana baba alitoa kiti barazani, Biblia mapajani, macho uwanjani. Niliamini anatuhesabia dhambi, nami nikawa nadaka kwa adabu.

Juzi nilikaa kwenye baraza hilo, wanangu wakicheza pale chini na wenzao. Gazeti lilikuwa mkononi na sikusoma hata mstari. Nilikuwa nahesabu vichwa, nikifika cha mwisho napumua, naanza upya. Ndipo nikakumbuka kwamba sikuwahi kumwona baba akifungua ukurasa.