Gundi ya Nengah Sadra na Meno Yake Sita

Nengah Sadra alikuwa fundi wa vyuma vya meno. Si daktari, na ole wako umwite daktari mbele ya madaktari. Kibanda chake kilikuwa langoni kwao, kijiji cha nje kidogo ya mji wa Klungkung, na juu ya mlango alichora mdomo mwekundu uliojaa vyuma mpaka watoto wadogo wakawa wanaogopa kupita. Vijana walimiminika. Wengi wao meno yamenyooka tangu yaote, kasoro huioni hata ukiitafuta kwa tochi, lakini nani kakwambia watu huvaa vyuma kwa ajili ya kasoro? Vyuma ndivyo vilikuwa ujana wenyewe. Msichana asiye navyo alicheka kwa kuziba mdomo, na mwenye navyo alicheka hata msibani.

Shida ya kazi ile ni gundi. Ukibandike kijichuma kwenye jino, mahali palipolowa mate usiku na mchana, kisha mwenye jino aondoke akatafune ngozi ya nguruwe wa kuchoma iliyokauka kau kau. Lazima kibanduke! Kila kijichuma kilichorudi kibandani kimefungwa kwenye karatasi, Sadra alikiona ni tusi la nguoni. Kuna binti mmoja alikimeza chake, akaja kudai kingine.

"Na hicho kikitoka nikuletee?" akamwuliza.

Sadra hakula siku ile.

Basi akaanza kupima. Muuza nguruwe wa kuchoma alikuwa rafiki yake, akawa anampa mataya. Sadra alipaka jino la nguruwe tindikali mpaka likapoteza mng'aro, akatia gundi, akabandika kijichuma, akaikausha kwa taa yake ya buluu, kisha akafunga uzi na kuning'iniza ndoo. Ndani ya ndoo alimimina maji, kata baada ya kata, mpaka kijichuma kiachie na ndoo ianguke puu! Anatukana kidogo, anachanganya gundi nyingine, anaanza upya. Miaka nenda miaka rudi, mtu mzima na masharubu yake, anainywesha ndoo maji.

"Wenzako wanafuga nguruwe," dada yake Rempi alimwambia, "wewe unawavalisha vyuma wakishakufa. Wanakwenda kumchekea nani huko?"

"We cheka tu."

"Ndiyo nacheka. Mimi meno yangu hayana ndoo."

Siku moja akachanganya gundi ambayo ndoo ilijaa maji hadi yakamwagika, na kijichuma kimetulia. Akaongeza mawe. Akaongeza mchi wa kinu. Ndipo ndoo ikaanguka, na Sadra alipoinama kutazama akakuta kijichuma hakijabanduka hata kidogo. Lililovunjika ni jino! Gundi ilikuwa imeling'ang'ania gamba la jino mpaka likamegeka, na kipande bado kimeshikana na chuma. Mtu mwenye akili timamu angeketi chini akafikiri. Sadra aliruka juu, akakimbia uani akipiga kelele, "Jino limeshindwa! Jino limeshindwa!"

Jioni ile ile alijibandika mwenyewe, ili wateja waone kabla hajawauzia. Meno sita ya mbele, ya juu. Alivishusha vijichuma chini kabisa vionekane hata akinong'ona, na gundi hakuionea huruma, ikafunika mpaka ncha za meno. Alipomaliza alijitazama kwenye kioo akajiona mzuri, jamani, mzuri kweli.

Kulipokucha, mama yake ndiye aliyeangusha bakuli la mchele alipomwona.

Kwetu hayo sita si meno tu. Kila moja lina adui wake ndani: tamaa, uchoyo, hasira, ulevi, wivu, na ule upumbavu wa kuchanganyikiwa. Fundi huyachonga ncha kwa tupa, kidogo tu, na mzazi ambaye hajamchongesha mtoto wake hajamaliza kazi ya kuzaa. Sadra hakuwahi kuchongwa. Mwaka huu baba alifariki, mwaka ule Rempi aliolewa, mwaka mwingine nyumba ilivuja, mara hiki mara kile, kijana akaota masharubu na meno yake yako vile vile. Sasa mama alikuwa mzee, amekonda, anakohoa asubuhi mpaka anashika nguzo. Mtaa ulikuwa umeandaa uchongaji wa pamoja, kuhani ameshatoa siku njema, na jina la Sadra limeshaingizwa pamoja na watoto wa shule.

"Hao maadui wako wote sita umewagandisha kwa gundi," mama akasema. "Fundi atachonga nini?"

"Nitavitoa, mama. Vyuma vyangu mwenyewe vinishinde?"

"Nataka nife nimemaliza, Sadra. Sina jingine."

"Usiseme mambo ya kufa asubuhi asubuhi."

Alivuta kwa kibano. Thubutu! Akauchomoa waya, vijichuma vikabaki. Akala mahindi makavu. Akala kashata ngumu za mchele wa kunata, zile zinazong'oa meno ya wazee. Rempi akamletea ngozi ya nguruwe sinia zima, akaimaliza yote, akapata kuumwa tumbo. Vijichuma vilikaa palepale vinang'aa. Na hapo, nisiwafiche, ndani kabisa ya moyo wake Sadra alikuwa anafurahi. Kila alipotafuna bila kubanduka, langoni palikuwa na wateja wamekaa juu ya pikipiki zao wanamtazama, na kila mmoja aliitaka gundi ile.

"Nenda kwa daktari wa meno," Rempi alimwambia. "Ana koleo lake maalumu."

"Mimi? Nikakae kwenye kiti cha daktari, nifungue mdomo, aone kazi yangu imenishinda? Bora nizikwe hivi hivi."

"Utazikwa hivi hivi kweli, na mama atatangulia."

Habari ikafika uwanja wa kupiganisha jogoo. Wanaume wa kule hawawezi kuona vitu viwili vikikabiliana wasiweke dau. Wakagawanyika: hawa upande wa tupa, hawa upande wa gundi. Waliweka sigara, waliweka vifaranga, mmoja aliweka jogoo wake mwekundu ambaye hata mkewe hakuruhusiwa kumgusa. Walikuja kibandani kumkagua Sadra meno, wanamfungua mdomo kwa vidole jinsi wanavyomkagua jogoo kabla ya pambano.

"Kaka, usituangushe," watu wa gundi walimwambia. "Kaza."

"Nikaze nini? Gundi haikazwi."

"Wewe kaza tu."

Siku ikafika. Kitanda kimetandikwa vitambaa vyeupe na vya manjano, ngoma za shaba zinalia, watoto wa shule wamejipanga wakiwa na maua kichwani na wanja machoni, na mwisho wa mstari Nengah Sadra, masharubu, maua na wanja vivyo hivyo. Fundi wa kuchonga, mzee mmoja mpole tuliyemwita Jero, aliwamaliza watoto haraka. Kila mmoja alilia kidogo, akatema mate kwenye kifuu chake cha nazi, akaketi akigusa meno yake kwa ulimi.

Sadra akalala. Akawekewa kipande cha muwa kati ya meno ya nyuma. Jero akainama, akatazama, akanyanyuka, akainama tena.

"Mwanangu, hiki ni nini?"

"Undi," Sadra akasema, muwa mdomoni.

"Gundi, Jero," Rempi akafafanua kwa aibu. "Chonga tu."

Jero akachonga. Ikatoka sauti ya kukwaruza sufuria, watu wote wakakunja uso. Akachonga tena, jasho likamtoka, akaitazama tupa yake na kuona imekuwa butu. Langoni upande wa gundi wakaanza kupigana viwiko.

"Mimi nachonga meno," Jero akasema. "Sichongi mabati. Tupa hii niliachiwa na babu yangu."

Kuhani akanyunyiza maji matakatifu. Gundi ikapata maji, ikapendeza zaidi. Jero akajaribu mara ya mwisho, kisha akaiweka tupa pembeni na kumgeukia mama yake Sadra, ambaye wakati wote alikuwa amekishika kifuu cha nazi ya manjano karibu na shavu la mwanawe.

"Mama Rempi, nisamehe."

"Huna kosa, Jero," mama akasema. Hakulia. Alikifuta kifuu kwa upindo wa shuka yake ya sarong, kikavu hicho, hakina hata mate, akakikumbatia kifuani. "Mwacheni ainuke. Si neno. Nitakwenda hivyo hivyo."

Upande wa gundi wakashangilia. Jina lake wakalitaja kwa sauti, Sadra! Sadra! Hapo alikuwa ameshinda, kwa kweli alikuwa ameshinda, gundi yake imeidhalilisha tupa ya babu mtu mbele ya kijiji kizima, na kesho foleni ingefika barabarani. Alikuwa amelala chali anautazama uso wa mama yake kutoka chini. Jinsi alivyokikumbatia kile kifuu. Sadra akautema muwa.

"Rempi! Koleo langu."

"Lipi?"

"Kubwa. La kukatia waya wa uzio."

"We una wazimu?"

"Lete!"

Likaletwa. Alikishika kijichuma cha kwanza, akafumba macho, akakizungusha. Kah! Ngoma zikanyamaza zenyewe. Sadra akakitoa mdomoni na kukitazama: chuma kizima, gundi nzima, na kipande cha jino lake kimeng'ang'ania nyuma yake. Damu ikamtiririka kidevuni, machozi yakachuruzika na wanja. Akakidondosha kwenye kifuu.

"Sadra, basi, mwanangu," mama akasema. "Basi, inatosha!"

"Bado vitano."

Akavitoa vyote. Vingine vilikubali na ganda jembamba tu la jino, vingine vilikuja na pembe nzima. Watoto wa shule walikimbia. Mwenye jogoo mwekundu alikaa chini akashika kichwa, maana hakujua kama amepata au amekosa. Alipomaliza Sadra akalala tena mwenyewe, akafungua mdomo.

Jero akatazama ndani. Ncha zote zilikuwa zimechongoka ovyo, juu chini, juu chini. "Haya," akasema akiichukua tupa, "sasa nina kazi." Akayasawazisha taratibu, na Sadra alilia kwa sauti kuliko mtoto yeyote siku ile, wala hakuna aliyemcheka.

Alipoketi, mama alimshika kidevu akachungulia.

"Ulikuwa na meno mazuri," akasema. "Nilikuzaa nayo."

"Hakuna anayezaliwa na meno, mama."

"Basi nilikulea nayo. Funga mdomo, upepo utakuumiza."

Langoni ugomvi ulikuwa umewaka, upande wa tupa wanavutana na upande wa gundi, huyu anadai sigara, yule anadai vifaranga. Mama Rempi alipita katikati yao amebeba kifuu kwa mikono miwili, nao wakampisha. Nyumbani akamwonyesha Rempi mahali pa kuchimba, nyuma ya kihekalu cha wazee wa nyumba, pale yanapozikwa mabaki ya meno ya ukoo wote. Akainama kwa shida, akakifukia, akapapasa udongo mpaka ukalainika. Sadra alisimama nyuma yake na kitambaa mdomoni.

"Baba Rempi," mama akamwambia mumewe aliye huko, "hayo ya mwanao. Nimemaliza. Hivyo vyuma usiniulize mimi, utamwuliza mwenyewe akija, na usimwite upesi."