Kadi Imejilipa

Walikuja wenyewe, sie hatukuwaita. Alikuja kijana wa benki pale karakanani kwangu Mtoni, shati jeupe, kitambulisho kinaning'inia shingoni, kabeba keki kwenye boksi. Mafundi wangu wakaacha cherehani wakala keki. Mie akanivuta pembeni, akaniita mkurugenzi.

Sikuwa nimezoea kuitwa hivyo. Nashona sare za shule na kudarizi nembo kwenye sweta. Ila nilikuwa na tatizo, na kijana alilisikia upesi. Programu ninayochorea nembo inauzwa na watu wa nje, unalipa kila mwezi kwa kadi, kwenye mtandao. Siku hizo alikuwa ananilipia binamu yangu aliyeko Uturuki, nami namtumia mkewe hela huku. Kila mwezi nambembeleza. Mwaka mmoja alichelewa shule zikiwa zinafunguliwa, mashine ya kudarizi ikalala huku wazazi wamejaa mlangoni wakinitukana.

"Mkurugenzi, umeteseka bure," kijana akasema. "Chukua kadi yetu ya mkopo ya biashara. Unalipa mwenyewe, popote duniani."

"Ada yake?"

"Ipo ya mwaka, ila kwa mtu wa hadhi yako si kitu. Faida zinaizidi. Kuna pointi, kuna bima ya safari, kuna launji, ukumbi wa kupumzikia, uwanja wa ndege."

Nikasaini palepale, juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Programu ikalipiwa bila kubembeleza mtu, na kwa hilo nilishukuru. Pointi sikuzielewa. Safari sikuwa nayo, mpaka mama yangu alipokuja kutoka Songea kutibiwa nyonga. Akakaa kwangu mpaka daktari akamruhusu kurudi, ila akakataza basi. Nikakata tiketi mbili za ndege, nimpeleke mwenyewe.

Ndege ikachelewa. Kwanza walisema kidogo, kisha wakaacha kusema. Mama alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha chuma, amekaa upande mmoja, anauma mdomo. Mama yangu hasemi akiumwa. Unamjua kwa mdomo tu. Ndipo nikaikumbuka launji, na nakiri nilifurahi, nikaona leo ada yangu inarudi. Nikamwinua taratibu, nikamkokota mpaka mlangoni kwao.

Dada wa mapokezi akaipitisha kadi kwenye mashine yake, akanigeukia.

"Karibu sana, mama. Kadi yako inaingiza mtu mmoja. Mgeni analipiwa."

"Huyu si mgeni. Ni mama yangu."

"Naelewa, ila mfumo unamhesabu mgeni."

"Basi aingie yeye. Mie nabaki nje."

"Haiwezekani, mama. Anayeingia kwa kadi ni mwenye kadi."

Mama alikuwa ameegemea fimbo yake, anatusikiliza. Akanishika mkono. "Nenda wewe, mwanangu. Upumzike. Mie narudi kule kwenye viti."

Wala hakuwa ananisuta. Alidhani kweli mambo ndivyo yalivyo, kwamba kuna mahali pa mtoto wake na kuna mahali pake, na akaona sawa. Nikalipa. Nililipa kwa kadi hiyohiyo, bei ambayo hotelini Mtoni ingelisha karakana nzima. Mama akakaa kwenye kiti laini, akanyoosha mguu, akala sambusa mbili, ya tatu akaifunga kwenye karatasi ya kufutia mikono.

"Hivi vyote ni bure?" akanong'ona.

"Bure, mama."

Chai yangu ilipoa sijaigusa.

Baada ya hapo ikaja ada ya mwaka. Haikuuliza. Ujumbe tu kwenye simu kwamba imekatwa, tena msimu wa sare, wakati kila shilingi yangu iko kwenye vitambaa na uzi. Nikavua tepu ya kupimia shingoni, nikaenda benki.

Nilimkuta kijana yuleyule, sasa kapewa meza. Siku hiyo sikuwa mkurugenzi tena.

"Mama, tulia kwanza. Ngoja tuangalie kama kadi inakulipa au haikulipi." Akabofyabofya, akanigeuzia kompyuta. "Unaona? Launji umeitumia. Watu wawili. Ukichukua thamani ya watu wawili, hiyo peke yake imeshapita ada. Maana yake kadi imejilipa."

Nikamtazama usoni, nikitafuta kama ananitania. Hakuwa anatania.

"Mtu wa pili nililipa mwenyewe."

"Ndiyo, ila huduma uliipata."

"Nililipa kwa hela yangu mama yangu akae kwenye kiti, na wewe unanihesabia kama zawadi yenu?"

Sauti ilikuwa imepanda. Waliokuwa kwenye foleni wakaacha simu zao. Kijana akaniomba niteremshe sauti, akaniletea maji, sikuyanywa. Akasema kwa upole kwamba hata hivyo kadi naihitaji, bila hiyo programu yangu italipwaje? Hapo kweli alinishika. Halafu, sijui kwa nini, nikauliza swali ambalo lilikuwa halijawahi kunijia.

"Hii kadi yangu nyingine ya hapa kwenu, ya kutolea pesa kwenye mashine. Yenyewe hailipi mtandaoni?"

Akasita kidogo. "Inalipa, mama. Tunaiwezesha tu kwenye mfumo."

"Ada yake?"

"Haina ada ya mwaka."

"Tangu lini inalipa?"

"Tangu mwanzo."

Sijui niliondokaje kwenye kile kiti. Nakumbuka nimesimama ndani ya ofisi ya meneja, mama wa rika langu, ananiambia karibu dada, ukae. Nikamweleza yote nikiwa wima. Alisikiliza mpaka mwisho, na alinipa pole, nami naamini ilimtoka moyoni. Kisha akasema ada ikishakatwa hairudi.

"Nakushauri usiifunge sasa hivi, dada. Mwaka umeshaulipia. Itumie, ukiisha ndipo uifunge."

Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Hata mume wangu jioni aliniambia hivyohivyo, kwamba nimetupa pesa mara mbili. Lakini nilijijua. Mwaka ungeisha nikiwa nimeinamia sweta za watu, ujumbe ungeingia, ada ingekuwa imeshakatwa, na kijana mwingine angenigeuzia kompyuta. Wanaujua msimu wetu wa kusahau kuliko sie wenyewe.

"Ifunge," nikasema. "Leo."

Akaikata kwa mkasi mbele yangu. Nilitia saini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Kijana akaiwezesha ile kadi nyingine, kazi ambayo haikuchukua hata muda wa kumhudumia mtu mmoja wa foleni, akaniuliza kama kuna kingine cha kunisaidia. Nikamwambia hakuna, amesaidia vya kutosha.

Karakanani mafundi waliniona uso wakainamia kazi zao. Nikafungua kompyuta, nikaingiza namba za ile kadi ya kutolea pesa kwenye programu, nikabonyeza. Ikazunguka kidogo, ikakubali.

Nilipaswa kufurahi. Lakini nasema kweli, nilikaa pale nikitamani ingekataa. Ingekataa, ningepata angalau sababu moja ya ile ada yote. Ilikubali mara ya kwanza, bila shida yoyote, na hasira iliyonipata wakati ule ilizidi ya benki.