Wimbo Alioagizwa Mwanakombo

Mwanakombo binti Pazi alikuwa mtoa nyimbo, na si wa nyimbo zozote tu. Wapo wa kurushiana vijembe, wapo wa kuwaliza maharusi. Yeye kazi yake ilikuwa shukrani. Pale Mikwajuni, nje kidogo ya Temeke, mtu akisaidiwa jambo zito, akauguziwa mtoto au akasimamishiwa nyumba iliyoungua, hakwenda kusema ahsante mdomo mtupu akarudi kulala. Alikwenda kwa Mwanakombo, akamweleza nani kafanya nini, na siku ya ngoma wimbo ukatoka.

Wimbo huo ulikuwa na sheria yake. Kwanza anatajwa mtoaji na jina la baba yake. Kisha kinatajwa alichotoa. Mwisho hutajwa kilikotoka, maana mtu hushukuriwa kwa kilicho chake, hashukuriwi kwa mbuzi wa jirani. Na anayeimbiwa akishasikia jina lake huinuka na kanga mpya, akaingia uwanjani, akamfunika mwimbaji mabegani. Akishafunika amekubali kila neno, na hakuna wa kuukata wimbo mpaka uishe. Wazee wa Mikwajuni walikuwa wakali sana kwa hilo.

Mwenyewe alikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa, hana subira na wajinga. Mumewe, mchukuzi wa gatini, alikufa mapema akamwachia mtoto mmoja, Mwishehe. Akamlea kwa kusuka mikeka. Kijana akakua mrefu kupita mlango, mcheshi, naye akaenda gatini kubeba mizigo kama baba yake.

Ikaja vita ya Hitla. Serikali ikataka vijana wa Keya, jeshi la Mfalme, kila jumbe apeleke idadi yake. Jumbe wa Mikwajuni alikuwa Marijani bin Kibwana, mtu wa kanzu safi na maneno laini, naye alikuwa na mtoto mmoja wa kiume wa rika la Mwishehe, jina lake Shomari. Alfajiri moja Mwishehe alitoka kwenda kazini asirudi. Siku ya pili Jumbe akaja mwenyewe kwa Mwanakombo, akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa.

"Bi Mwanakombo, mwanao katoroka," akasema. "Kasikia habari za jeshi, kakimbilia Mombasa. Nyamaza, nami nitanyamaza. Serikali ikijua umeficha mtoro utalala jela."

Mwanakombo akamshukuru. Ndiyo, alimshukuru, kwa mikono miwili, akamfungia na mkeka mpya. Na mie kila nikifika hapo natamani kutema mate.

Mji mzima ukaambiwa kuwa Shomari wa Jumbe kaingia Keya kwa hiari yake. Watu wakamsifu baba, wengine wakamsema Mwanakombo pembeni kwamba kazaa mwoga. Alivumilia. Baada ya miaka miwili ikaja karatasi ya Serikali: Shomari Marijani amefia vitani Bama, upande wa Bara Hindi. Jumbe akaweka matanga siku saba. Mwanakombo alipika kwenye matanga yale, akachota maji, akalia mpaka sauti ikamkauka, akisema moyoni, afadhali wangu yuko Mombasa, japo haandiki.

Vita ikaisha. Mwaka wa arobaini na sita Jumbe akaja tena kwenye kile kigoda.

"Jumamosi Bwana Shauri, Mzungu wa bomani, anakuja," akasema. "Analeta nishani ya marehemu, nitavishwa mie mbele ya watu. Nataka unitungie shukrani, bi mkubwa. Yenye uzito. Kwamba nimetoa mwana kumpa Mfalme."

"Nitakutungia, Jumbe," Mwanakombo akajibu. "Mwenye kutoa hanyimwi shukrani kwangu."

Akatunga, akawafundisha wanawake wenzake, na Jumbe mwenyewe akaja kusikiliza beti za mwanzo akaondoka anatabasamu.

Alhamisi asubuhi, Mwanakombo yuko barazani anasuka ukili, akatokea mgeni. Kijana wa makamo, suruali ya kaki ya jeshi, anachechemea mguu wa kushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Naitwa Nikodemu, natoka Pugu. Nilikuwa Bama na mwanao."

"Mwanangu yuko Mombasa," Mwanakombo akasema. "Wewe unamtafuta Jumbe. Nyumba yake ile yenye bati."

Nikodemu hakuondoka. Alikaa chini kwenye vumbi, mguu mbovu kaunyosha, akaanza kuimba taratibu. Hakuwa na sauti nzuri. *Ahsanteni majirani, kisima kilikuwa mbali, ndoo zenu zimefika, mwanangu kafumbua macho.* Mwanakombo akauachia ukili. Wimbo ule aliutunga mwaka Mwishehe alipougua surua, ukaimbwa mara moja tu, uani kwake, kwa majirani waliomchotea maji.

"Umeupata wapi?"

"Alikuwa anatuimbia kambini. Sie tulimwita Shomari, maana ndilo jina lililoandikwa kwenye karatasi. Siku alipoumia ndipo aliponiambia jina lake, na kwamba mama yake ni mtoa nyimbo wa Mikwajuni. Alikamatwa njiani alfajiri na vijana wa Jumbe. Jumbe akamwambia, utaitwa Shomari Marijani, na ukifungua mdomo mama yako atafungwa. Barua zake nne niliziandika mie kwa mkono wangu. Zote zilikwenda kwa Jumbe. Ndiye aliyeandikwa baba."

"Alikufa lini?"

"Siku ya pili yake. Nilikuwapo, mama."

Mwanakombo hakulia. Nataka mwelewe hilo, maana wako waliokuja kusema baadaye kwamba hana moyo. Machozi yake alikwisha kuyamwaga, miaka miwili nyuma, kwenye uwanja wa mtu mwingine, kwa jina la mtu mwingine, huku mwenye kumwua mwanawe akimpa pole na kumwambia apumzike kidogo, kachoka na kupika. Hilo ndilo lililomkaba. Hasira ilimpanda. Marijani alimwibia mtoto, kisha akamwibia na msiba.

"Twende bomani," Nikodemu akasema. "Nitasema yote niliyoyaona."

"Bomani wakitaka habari za Mikwajuni watamwuliza nani? Watamwuliza Jumbe. Mie nataka akubali kwa mkono wake mwenyewe, watu wakiona. Wewe njoo Jumamosi na nguo zako za jeshi."

Akamwita Zuena, rafiki yake na mgonga pembe wa ngoma yao, aliyekuwa akienda Kunduchi kila wiki kununua samaki wa kukaanga. Akamweleza yote, kisha akamtazama usoni.

"Kama aliyekufa ni wangu, Shomari yu hai. Wewe unayetembea pwani, umemwona wapi?"

Zuena akakiri. Alimwona Kunduchi tangu mwaka jana, akikokota nyavu, kafuga ndevu. Alidhani katoroka jeshi, akaogopa kumchongea mtoto wa mkubwa.

"Kwa hiyo mwaka mzima ukaniacha na ujinga wangu," Mwanakombo akasema. "Ondoka mbele yangu, Zuena. Na Jumamosi uje na pembe yako. Ukichelewa usiniite shoga tena."

Jumamosi uwanja ulijaa, watu wametoka hata Kinondoni. Bwana Shauri kaketi kwenye kiti cha mikono, kisanduku cha nishani gotini. Jumbe kavaa koti juu ya kanzu, na kanga mpya, ambayo haijakatwa, kaishika mapajani tangu ngoma haijaanza. Alikuwa na hamu ya kusifiwa kupita kiasi. Mwanakombo akaingia kati, Zuena akagonga pembe, wimbo ukaanza.

*Ahsante ewe Marijani, Marijani bin Kibwana,*
*umetoa pasi choyo, Mfalme umempa mwana.*

Wanawake wakaitikia kama walivyofundishwa: *Ahsante, ahsante, aliyetoa tumemwona.*

Jumbe hakungoja hata mwitikio uishe. Akainuka, akaingia uwanjani kwa madaha, akaikunjua kanga, akamfunika Mwanakombo mabegani. Watu wakapiga vigelegele. Akabaki palepale pembeni yake, kidevu juu, ili Bwana Shauri amwone vizuri.

*Umetoa kijana mzima, mrefu mwenye bashasha,*
*Bama kazikwa msituni, hapana aliyemwosha.*

*Ahsante, ahsante, aliyetoa tumemwona.*

Mwanakombo akamgeukia Jumbe, wakawa uso kwa uso.

*Kijana kamtoa wapi? Kamtoa mlangoni kwangu.*
*Jina lake ni Mwishehe, si mwanao, ni mwanangu.*
*Shomari yuko Kunduchi, kaburi umempa wangu.*

Hakuna aliyeitikia. Wanawake walikuwa wamefundishwa ubeti mwingine kabisa, na midomo ikabaki wazi. Jumbe akanyosha mkono kuivuta kanga, na Mwanakombo akaishika kwa ngumi mbili.

"Huyu mwanamke kapagawa," Jumbe akasema. "Nimemtendea mema miaka yote. Shukrani ya punda mateke!"

"Marijani," akasema Mzee Kondo, mkubwa wa wazee pale, bila kuinuka kwenye mkeka wake. "Umeshafunika. Acha wimbo uishe."

Zuena akagonga pembe. Akaitikia peke yake: *Ahsante, ahsante, aliyetoa tumemwona.* Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka wote, na sasa walikuwa wanamtazama Jumbe. Waliurudia mara saba au nane. Jumbe alisimama katikati na hakuwa na pa kupita.

Bwana Shauri alijua Kiswahili cha kutosha kuelewa kwamba kuna jambo. Akauliza kuna nini. Ndipo Nikodemu akasimama na nguo zake za jeshi, akapiga saluti, akasema jina lake, namba yake, na jina la yule aliyemzika Bama kwa mikono yake, Mwishehe. Bwana Shauri akakifunga kisanduku. Akasema Jumbe afike ofisini Jumatatu, na barua zote zilizotoka Bama afike nazo. Hayo ya ofisi yana hadithi yake, na cheo cha ujumbe Marijani alikipoteza kabla mwezi haujaisha, akahamia kwa ndugu zake mbali. Wengine waliona ameadhibiwa vya kutosha. Mie sioni hivyo, na Mwanakombo hakuona hivyo mpaka anaingia kaburini.

Siku ileile alitandika mikeka uani, akaweka matanga. Kwa mara ya kwanza alisema kwa kinywa chake, "Mwishehe amekufa," na watu wakaja kumpa pole kwa jina hilo. Wengine waliona haya, maana walikwisha kumlia mtu huyohuyo mara moja. Zuena alipika siku zote tatu na Mwanakombo hakumsemesha hata neno.

Siku ya tatu, khitima imekwisha kusomwa, watu wanakula, akaingia kijana mwenye ndevu, miguu mitupu, kofia kaivua kaikunja mkononi. Alikuwa Shomari. Kumbe alitembea kwa miguu kutoka Kunduchi. Akaja moja kwa moja, akapiga magoti mbele ya Mwanakombo.

"Shikamoo, mama."

Mwanakombo hakuitika.

"Mama, sikujua kama ni yeye," Shomari akasema. "Baba aliniambia amelipeleka jina langu tu, mtu hakuna. Nimesikia juzi, kwa wauza samaki. Nisingekuwa hai leo kama si mwanao. Nimekuja kukushukuru."

Akafungua kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na kanga, mpya, nzuri kuliko ile ya baba yake. Akainyosha kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na wanawake wawili watatu wakaanza kulia naye, maana alikuwa mtoto wa mji ule na walimpenda tangu mdogo. Mtu mmoja akasema taratibu, "Mpokelee, Mwanakombo. Mtoto hana kosa."

Mwanakombo akaitazama ile kanga. Alikuwa amewatungia watu shukrani miaka ishirini, na hakuna aliyeijua sheria yake kumshinda.

"Irudishe, baba," akasema. "Hushukuriwa aliyetoa. Mie sikutoa."