Mtu wa Kuzomewa Kona ya Tatu

Jumamosi tarehe 17 Agosti 1991, Verlin Ubben alitolewa katika uwanja wa mbio za magari wa Kaunti ya Tolley, jimbo la Iowa, akiwa katikati ya askari wawili. Kosa lake lilikuwa kushinda. Picha ilitoka kwenye gazeti la kaunti Jumanne iliyofuata: mtu mwembamba ameshika kombe kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anapangusa haradali shingoni.

Haradali ilirushwa na Ardis Meinders, pamoja na soseji na mkate wake. Hajawahi kukana.

Uwanja huo ni duara la udongo nyuma ya mabanda ya ng'ombe ya maonyesho ya kilimo. Verlin aliendesha pale miaka ishirini na miwili, gari jeusi namba 66, na mtindo wake ulikuwa mmoja. Akimfikia aliye mbele, alimgusa kwa bampa nyuma upande wa kushoto. Mwenzake akazunguka kama pia, yeye akapita. Kitabu cha sheria kilisema mambo mengi kuhusu matairi na hakikusema lolote kuhusu tabia. Marehemu mkewe, Norma, akiulizwa jukwaani amekuja na nani, alijibu kwamba mumewe ni dereva wa gari la wagonjwa.

Uwanja ulifungwa mwaka 2009, nyasi zikaota kona ya pili. Masika ya mwaka huu Rochelle Haupert, anayeendesha basi la shule na ambaye baba yake alishindana pale, aliikodi nafasi hiyo. Kamati ya maonyesho ilimpa hadi Jumamosi ya mwisho ya Juni. Jukwaa likijaa hadi mwisho wa mbio, uwanja ni wake. Lisipojaa, utasawazishwa uwe maegesho ya mashua za watu wakati wa baridi.

Jumamosi ya kwanza ilianza vizuri. Huku kwetu mtu hutandika blanketi lake jukwaani asubuhi, akaenda nyumbani kula na kulala kidogo, na hakuna atakayethubutu kulikalia. Siku hiyo mabenchi yalifunikwa blanketi tupu. Lakini kabla ya mbio kuu mablanketi yalianza kukunjwa. Rochelle alisimama langoni, akamkamata wa kwanza aliyetoka. Alikuwa Ardis, sasa ana miaka sabini na minane, blanketi kwapani.

"Mama Ardis, mbona mapema? Mbio zenyewe bado."

"Nimeona ya kutosha. Vijana wazuri sana. Wanapishana kama wanapokea sakramenti."

"Sasa si ndiyo vizuri?"

"Vizuri kwa nani? Nimekaa jioni nzima sijapata hata mtu wa kumtukana. Nimtukane nani, huyu dogo Klocke? Ana meno kama tangazo la dawa ya mswaki, na kila akishinda anamshukuru bibi yake."

Brody Klocke, ishirini na mitatu, ndiye kipenzi cha uwanja. Bibi yake ni kweli anashukuriwa kila wiki, naye huweka meza karibu na lango akauza fulana zenye jina la mjukuu.

Jumatatu Rochelle alikwenda kwa Verlin. Mzee ana miaka sitini na saba, anatengeneza mashine za kukatia nyasi, na Jumapili huimba besi katika kwaya ya Kilutheri. Vitabu vya nyimbo havitoshi, kwa hiyo anatumia kimoja na Ardis Meinders. Katika miaka yote hiyo Ardis hajawahi kumtajia haradali. Kanisani ni kanisani.

Namba 66 lilikuwa bandani chini ya turubai. Paka alikuwa amezalia kwenye kiti cha dereva.

"Nataka urudi," Rochelle alimwambia. "Watu hawana wa kumchukia."

"Kwa hiyo mimi ndiye dawa."

"Mzee Verlin, nisikudanganye. Niliuliza watu, na wote wametaja jina lako. Mwingine alitabasamu kabisa."

Verlin alimtoa paka, na watoto wake mmoja mmoja. Kisha akasema atarudi, kwa sharti. Ataendesha kistaarabu. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kupigiwa makofi, hata siku alipomvuta mtu kutoka kwenye gari linalowaka. Wengi walidhani ndiye aliyeliwasha. Alitaka ashangiliwe mara moja tu kabla hajafa, na Norma huko aliko aache kusema ameolewa na dereva wa gari la wagonjwa.

Rochelle hakuwa na mwingine wa kumwendea. Alikubali.

Habari zilienea kuanzia duka la mbegu hadi kituo cha mafuta, na Jumamosi iliyofuata jukwaa lilikaribia kujaa. Watu walikuja na wajukuu ili wawaonyeshe mtu wa kuzomewa. Verlin akatokea na gari lililopakwa rangi ya samawati, kama chumba cha mtoto mchanga. Wakati wa kutambulishwa aliwarushia watoto peremende. Zomeo lilianza, likakosa nguvu, likafa. Mbioni Brody alipomkaribia, Verlin alitoa mkono dirishani akamwonyesha njia, kama askari wa barabarani. Alimaliza wa nne. Hakuna aliyezomea wala kupiga makofi. Jukwaa zima lilimtazama kama watu waliopelekewa chakula ambacho hawakuagiza.

Ardis alimfuata hadi kwa mafundi.

"Verlin Ubben! Umenipungia mkono!"

"Nilikuona kona ya tatu, Ardis. Nikasema nisalimie."

"Nani alikutuma unisalimie? Kusalimiana si kesho kanisani? Nimekodi mjukuu anilete, nimevaa viatu vya kusimamia, nimekunywa chai ya asali ya koo. Halafu unanirushia peremende!"

"Zilikuwa za watoto."

"Moja imenipiga kwenye miwani, mwongo wewe!" Alivua miwani, akaipangusa. "Hicho ndicho kitu pekee kizuri ulichofanya leo."

Wiki hiyo Rochelle hakumwomba chochote. Alipeleka basi lake la shule kusafishwa kwa ajili ya likizo, akapita mbele ya banda la Verlin mara kadhaa bila kusimama, na kila mara Verlin alimwona.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya Juni. Mwenyekiti wa kamati alikaa safu ya juu kabisa na mkate wake wa nyama ya nguruwe, anatazama mabenchi kuliko magari. Jukwaa lilijaa, lakini lilijaa watu wanaotazama saa. Zikiwa zimebaki raundi chache, gari moja likakwama udongoni na bendera ya njano ikatolewa. Magari yakapunguza mwendo, yakafuatana pole pole kuzunguka duara, Brody mbele, Verlin nyuma yake.

Katika kona ya tatu Verlin aligeuza kichwa. Ardis alikuwa amesimama, anakunja blanketi. Benchi zima la nyuma yake lilikuwa linakunja pia. Kule juu mwenyekiti alikuwa anaufunga mkate wake kwenye karatasi aondoke.

Bendera ya kijani ikapepea. Zilibaki raundi mbili.

Katika raundi ya mwisho, kona ya tatu, mbele kabisa ya Ardis, Verlin alimgusa Brody Klocke kwa bampa nyuma upande wa kushoto. Brody akazunguka mara moja, mara mbili, akaishia kwenye nyasi za katikati akiwa amegeukia alikotoka. Verlin akapita.

Sauti iliyotoka ilisikika hadi kanisani. Mchungaji alikuwa anamwagilia maua, akafunga maji asikilize. Brody alitoka garini mzima, akavua helmeti, akasubiri namba 66 lizunguke, akairusha ikagonga mlango. Watu walisimama juu ya mabenchi. Mablanketi yaliruka. Ardis alining'inia kwenye uzio kwa vidole kumi.

"Mwizi! Mwizi wa udongo wee! Tangu tisini na moja wewe ni yule yule! Shuka nikuonyeshe!"

Uso wake uling'aa.

Verlin alipanda juu ya paa la gari lake la samawati kupokea kombe. Aliweka mkono sikioni, kama mtu asiyesikia vizuri, na kelele zikaongezeka mara dufu. Soseji ya kwanza ilimkosa. Mwenyekiti alionekana amesimama juu ya benchi, kinywa wazi, anazomea na mkate mkononi.

Brody alimfuata baadaye kwa mafundi, bado mwekundu. "Mzee, ile ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako, dogo. Una fulana ngapi zimebaki pale mezani?"

Brody akageuka kutazama. Bibi yake alikuwa anakunja meza tupu.

Makofi Verlin hakuyapata. Asubuhi yake kanisani alikuta kitabu cha nyimbo kimeshafunguliwa ukurasa wake. Ardis hakuwa na sauti kabisa. Alimwonyesha mstari kwa kidole, na Verlin akaimba peke yake kwa niaba ya wote wawili.

Kamati imempa Rochelle uwanja kwa miaka mitatu. Kwa adhabu ya bampa, Jumamosi hii Verlin ataanza wa mwisho. Gari linapakwa rangi nyeusi leo, na lango litafunguliwa saa kumi alasiri.