Watoto wa Kujaza Daftari

Gharama yote ilikuwa elfu sitini. Soda kreti mbili, elfu ishirini na nane. Maandazi themanini, ambayo mama muuzaji alitaka mia mbili kila moja nikamshusha hadi mia na hamsini, elfu kumi na mbili. Kukodi turubai, elfu ishirini, baada ya kumwonyesha mwenyewe matundu yake. Nimehesabu mara mbili. Hiyo ndiyo bei ya kuwashirikisha wanafunzi wa sekondari katika maamuzi ya mtaa wetu hapa Buhongwa, na nililipa mimi kwa sababu wazo lilikuwa langu.

Mkutano wa mtaa wetu hautimii bila watu hamsini kwenye daftari la mahudhurio, na mara tatu mfululizo hatukufika hata thelathini na tano. Watu wetu wanapenda sana maendeleo, ila Jumamosi wana mambo. Mwenyekiti alikuwa amekonda kwa mawazo, maana michango ya kaya ilishakusanywa na yeye alitaka ijenge geti la ofisi ya mtaa. Ofisi yenyewe ina meza moja na kalenda ya mwaka juzi, lakini usalama ni usalama. Mimi ni mjumbe wa kamati, na ni dalali wa mchele wa Magu. Gunia pungufu najua kulifanya lionekane limejaa. Nikamwambia, si kila siku tunaambiwa vijana washirikishwe? Tuwashirikishe. Alinishika mkono muda mrefu.

Wakaja arobaini wa kidato cha tatu na sare zao, binti yangu akiwamo. Watu wazima tulikuwa thelathini na mmoja. Wote tukasaini. Mtendaji wa mtaa akajumlisha sabini na moja, akatangaza kwamba mkutano umetimia kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Kosa letu lilikuwa kuwapa nafasi ya kusema. Tulitegemea ngonjera. Wao wakaleta kamba waliyopimia korongo wanalovuka kwenda shule, lile ambalo mvua ikinyesha linageuka mto, pamoja na bei za mbao kutoka maduka matatu. Mwaka jana binti yangu alikosa mitihani miwili kwa sababu ya korongo hilo. Aliponieleza, nikamshauri awahi kuamka. Sasa waliomba kidaraja. Mwenyekiti akawasifu, akasema mtaa una hazina, kisha akaitisha kura za mikono.

Kidaraja, mikono arobaini na tisa. Geti, ishirini na miwili, mmoja ukiwa wangu, maana mwanaume hageuki katikati ya biashara.

Mwenyekiti akakohoa. Akaeleza kwamba wanafunzi hawajafikisha miaka kumi na minane, walikuja kujifunza tu, hivyo mikono yao haihesabiwi. Geti limeshinda, ishirini na mbili kwa tisa.

Binti yangu akasimama. Hakunitazama.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba binti. Kaa, soda zinakuja."

"Tumesaini kwenye daftari. Kama kwenye kura hatupo, basi mtutoe na kwenye mahudhurio."

Mzee mmoja mfugaji aliyekaa nyuma akasema taratibu, "Ng'ombe uliyemhesabu zizini humkani mnadani."

Mtendaji akachukua kalamu, akakata majina arobaini, moja baada ya jingine. Yakabaki thelathini na moja. Mkutano haukuwepo. Geti halikushinda, kidaraja hakikushinda, na soda zikanywewa na watu ambao kwa mujibu wa daftari hawakuwahi kufika.

Jioni nikajaribu kumpoza, nikamwambia ameongea vizuri.

"Baba," akasema, "mkono wako niliuona."

Akaendelea kusugua viatu vya shule.

Mkutano umepangwa upya, Jumamosi ya wiki ijayo, watu wazima peke yao. Mimi nimehamia upande wa kidaraja; mwenyekiti hanisalimii tena. Hata wale thelathini na mmoja wakirudi wote, wanapungua kumi na tisa. Nimezunguka nyumba kwa nyumba jioni tatu. Kumi na mmoja wameahidi, na ninaowaamini ni sita. Mawingu yameanza kukaa upande wa ziwani, na mitihani ni mwezi ujao. Aliyewahi kuwatoa watu wazima majumbani mwao Jumamosi asubuhi, kwa ajili ya korongo ambalo wao hawalivuki, naomba anishauri alifanyaje.