Kiapo Kilichonyooshwa

Shangazi yangu, mpishi wa shule tangu nipate akili, hajui kufupisha. Muulize chumvi iko wapi, ataanza na siku aliyoinunua, mvua ilivyomkuta njiani na jirani aliyemganda kwa umbea. Tunamtania kwamba akianza kusimulia, tandika mkeka kabisa. Lakini uongo? Hata ule wa kumbembeleza mtoto anayelia haumtoki.

Mumewe alipofariki, wanawe wa kambo wakataka kumtoa kwenye nyumba, eti aliihama mwenyewe. Tukaenda kwa wakili mmoja mwenye haraka zake, nikambandika jina Chapchap. Akaweka simu mezani imrekodi, na shangazi akamwaga yote: bati lililovuja, kisima, na vile alivyokwenda kumuuguza dada yake mpaka akapona, kisha akarudi kwake. Chapchap akaitupia akili mnemba ile sauti. Hati ya kiapo ikatoka kabla chai zetu hazijapoa.

"Mbona fupi hivi, baba?" shangazi akauliza.

"Ni yale yale, mama. Imeyanyoosha tu. Weka sahihi hapa."

Akaweka, akaapa kwamba ni kweli tupu.

Mahakamani, wakili wa wale vijana akamsomea: "'Sikuwahi kuondoka katika nyumba hiyo hata siku moja.' Ni kweli, mama?"

"Si kweli. Nilikwenda kumuuguza dada yangu. Huyu wakili wangu nilimwambia."

"Kwa hiyo uliapa uongo?"

Jamani! Nikamgeukia Chapchap, naye anapekua makaratasi kama kuku jalalani. Akasimama, akababaika kuhusu "hitilafu ya kimitambo". Hakimu akamkatiza: kiapo ni cha aliyeapa, hakuna mtambo ulioshika kitabu kitakatifu hapa. Damu ilinichemka. Mtu aseme ukweli wote, halafu ageuzwe mwongo wa mchana kwa sababu kidude kimeona safari yake inaharibu aya!

Nyumba ikaenda. Hukumu ikasema shahidi haaminiki. Chapchap hapokei simu zangu, na nikimfuata ofisini, eti yuko kikaoni.

Siku hizi shangazi analala chumbani kwa binti zangu. Nyumba haizungumzii kabisa. Anachotaka ni kimoja: nimpeleke kwa hakimu amwambie, ana kwa ana, kwamba yale maneno si yake. Nimemweleza mpaka nimechoka kwamba hakimu haendewi hivyo. Ananisikiliza, anaitikia. Kesho yake asubuhi namkuta ameshaoga, amevaa, amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani, ananisubiri.