Beki wa Ngazija na Kichupa Chake

Sifa njema ni za Mola aliyetuumba kwa udongo mmoja, akatutawanya visiwani na bara, kisha akatukutanisha kwa riziki. Namshukuru kwa kuniachia kumbukumbu mpaka uzeeni, hata hizi zinazoniuma, maana nazo ni darasa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Miaka ya hamsini nilikuwa beki wa kulia katika timu ya shamba moja la mkonge, baina ya Tanga mjini na Muheza. Beki wa kushoto alikuwa mtu wa Ngazija, kule Komoro. Sisi wengine tulikuwa vibarua tuliocheza mpira. Yeye mpira ndio uliomleta. Alikuwa ameshacheza Mombasa na Unguja. Aliandikwa mlinzi wa ghala la singa za mkonge, ingawa ghala lile halikuhitaji mlinzi. Akiachwa na timu, ameachwa na kazi, na chumba pia.

Hakuwa mtu wa kumrukia mshambuliaji. Alimwacha aje, akarudi nyuma hatua mbili, tatu, mpaka yule bwana achoke kufikiri, ndipo amwondolee mpira mguuni kwa upole, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo. Nilijifunza mengi kwa kumtazama. Baadaye nikaanza kumtazama kwa jicho jingine.

Ilikuwa Rajabu. Kila Alhamisi baada ya alasiri alipanda basi kwenda Muheza, na Muheza ndiko walikokuwa wapinzani wetu wakubwa. Huko alikuwa na fundi cherehani, mtu wa kwao, wakizungumza Kingazija ambacho hakuna kati yetu aliyekijua. Tena uwanjani alianza kulegea kipindi cha pili. Bao moja lilipita upande wake, naye amesimama anahema.

"Ana mke Muheza," winga wetu alisema siku moja tukivua viatu.

"Mke gani wa Alhamisi tu?" akajibu golikipa.

"Basi muulize fundi anamshonea nini."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu safari zake.

Siku ya kucheza na Muheza ilifika, Jumamosi. Desturi yetu ilikuwa kunywa kombe kabla ya mechi. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, kisha kila mchezaji akapewa kikombe kidogo akanywa, tukaomba dua. Mngazija aliomba awe wa mwisho. Akachukua kikombe chake mpaka mlangoni, akatugeuzia mgongo. Koo lake halikucheza. Nikauona mkono wake ukimimina kombe katika kichupa, na kichupa kikaingia mfuko wa kanzu.

Kwa akili yetu ya siku zile, kombe la timu likifika mikononi mwa wapinzani, mechi imekwisha. Sikumuuliza. Nilikwenda moja kwa moja kwa katibu wa timu, Mbondei mmoja mtu mzima, karani wa shamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona uso huo?"

Nikamweleza kichupa, na Alhamisi za Muheza, na kuhema kwake. Aliniuliza mara mbili kama nimeona kwa macho yangu. Nikasema ndiyo.

Akamwita mbele yetu sote. "Toa kilichomo mfukoni."

Akakitoa.

"Nini hiki?"

"Kombe langu, mzee."

"Unampelekea nani?"

"Simpelekei mtu. Nitalinywa mwenyewe."

"Basi linywe sasa, tukuone."

Aliangalia mlangoni, akaliangalia jua, akainamisha kichwa. "Sasa siwezi."

Tulikuwa watu kumi na wawili, wengi tumehitimu chuoni, mwalimu naye yumo, na hakuna aliyejiuliza ni mtu gani asiyeweza kunywa mchana akaweza baadaye. Katibu akamwambia Jumatatu aende kuchukua barua yake na ahame chumba.

Tukacheza bila yeye, tukashinda. Ushindi ule ulikuwa mbaya kuliko kufungwa, kwa sababu kila mtu aliuchukua kuwa ushahidi. "Mmeona?" winga alisema. "Tumemtoa, mlango umefunguka." Nami nilipongezwa, nikapigwapigwa mgongoni.

Magharibi ilipokaribia nilikwenda kutawadha kwenye msikiti wa shamba. Nikamkuta kibarazani, ana tende mbili kwenye karatasi na kile kichupa, alichorudishiwa baada ya mechi. Mwadhini alipotoa takbira ya kwanza, akala tende, akanywa kombe lote.

Nikabaki nimeshika kata ya maji. Ramadhani iliyopita alilazwa na homa siku ishirini na tatu. Nilijua. Mimi mwenyewe nilimpelekea uji. Na Shaabani ilikuwa inakaribia, na Ramadhani nyingine nyuma yake, bado anazilipa siku hizo, Alhamisi akifuturu kwa fundi ili asile peke yake.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Kusema nafunga, mbele ya watu wanaonituhumu? Ningekuwa nafunga kwa ajili yao." Akakunja karatasi. "Lakini wewe, ndugu yangu, ungeniuliza tukiwa wawili, ningekwambia."

Baada ya sala nilimpeleka kwa katibu. Nikasema yote, na kwamba aibu ni yangu.

"Tumeshinda bila yeye," akasema katibu. "Nikawaambie nini wachezaji?"

"Nitawaambia mimi. Na kama yeye anaondoka, nitoe na mimi."

Akamgeukia Mngazija: "Umebakiwa na siku ngapi?"

"Nne."

"Zimalize. Mpaka hapo huchezi, beki gani anahema kama mzee? Barua sijaiandika."

Kesho yake niliungama mbele ya wenzangu. Winga alinung'unika kwamba huenda tumepanga uongo pamoja, na wapo walioendelea kuitazama mifuko yake kila siku ya mechi. Dhana haitoki kwa siku moja. Yeye alirudi upande wake wa kushoto, lakini mwezi mzima, mpira ukimlemea, alimrudishia golikipa, si mimi. Sikulalamika. Nilikaa mahali pangu nikingoja, kama alivyonifundisha kumngoja mshambuliaji. Siku moja, tukiwa tumebanwa sana, alinipasia bila kuangalia. Aliichezea timu ile misimu miwili zaidi, kisha akarejea Unguja.

Mola ametuonya kwamba baadhi ya dhana ni dhambi, nami nilikuwa nimelisoma onyo hilo tangu utotoni. Wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kuuliza kabla ya ulimi wa kushtaki, akusitiri na jicho baya la wenzako, na akulipe kila jema ulilolificha. Amin.